Kocha wa Michezo Mitatu

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1951, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yake, aliyekuwa fundi baiskeli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita. Shangazi yetu, dada yake mkubwa aliyekaa pale mbele, husema alizaliwa akilia kama mtu anayepanga watu foleni, nasi kila mwaka hucheka kwa adabu. Mimi ninayesoma ni binti yake. Kamati ya mazishi imeniomba niwe mfupi na niwe mpole. Ufupi nitajitahidi.

Alisoma shule ya msingi jirani na kwao, kisha sekondari ya bweni, ambako alifaulu vizuri michezo na kubisha. Mwaka 1974 alihitimu chuo cha ualimu kwa cheti cha elimu ya viungo. Wanaosema alikuwa mwanafunzi hodari wanatia chumvi, nami sikuja kumvisha marehemu kilemba cha ukoka. Mkuu wa chuo aliandika kwamba ataweza kufundisha mahali popote asipobishiwa.

Kazi yake ndiyo iliyowaleta wengi wenu hapa, maana nyumbani kwetu sura zenu sizikumbuki. Alianza mwaka 1976 na timu ya mpira wa miguu ya kiwanda cha sabuni, na huko alikuwa pilipili. Beki aliyepoteza mpira alitukanwa yeye na ukoo wake, mashabiki wakisikia. Mliokaa mstari wa pili mnajua ninachosema. Mlimchukia, na leo mmekuja kuhakikisha. Mwaka 1985 alihamia klabu ya ndondi, watu wakadhani sasa ataua mtu. Kumbe huko alikuwa kama bubu. Bondia akirudi kwenye kona, marehemu alimpangusa uso, akamnywesha maji, akamnong'oneza neno moja sikioni, basi. Mwaka 1991 akachukua timu ya wasichana ya mpira wa wavu, akageuka asali. Kila mchezaji alikuwa "binti yangu". Binti yangu, umekula? Binti yangu, nani anakusindikiza nyumbani?

Kaka yangu aliwahi kumuuliza inakuwaje mtu mmoja awe makocha watatu. Marehemu alikuwa kibarazani akipiga viatu brashi.

"Wa mpira yuko mbali," alisema. "Usipopiga kelele hakusikii. Bondia ameshapigwa, ukimfokea unampiga mara ya pili. Hawa wa wavu wamesimama karibu karibu, ukimtisha mmoja wanatetemeka wote."

"Na sisi je?"

"Nyie si wachezaji," akasema, akachukua kiatu cha pili.

Alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, tarehe 6 Desemba 1980. Alichelewa harusi yake kwa sababu mechi iliingia penalti, akafika na filimbi shingoni, na filimbi hiyo imo katika picha zote. Wageni wakiziona hucheka sana. Mama hacheki, na ameniruhusu niseme hivyo. Walijaliwa watoto wawili. Mimi marehemu aliniita "wewe". Kaka yangu, tukiwa pamoja, alikuwa "na wewe".

Mwaka 1998, nikiwa na miaka kumi na mitano, nilijiunga na timu yake. Sikuupenda mpira wa wavu, nao haukunipenda. Nilitaka kuitwa binti yangu. Na kweli niliitwa, siku ya kwanza kabisa, kwa sababu alikuwa akipita kwenye mstari na hakuweza kuniruka mimi peke yangu mbele za watu. "Binti yangu, kunja magoti." Niliyakunja mpaka yakawaka moto, na nilikuwa na furaha ambayo leo naionea aibu. Kisha ikaja mechi dhidi ya shule jirani. Mpira ulinipiga usoni, damu ikanitoka puani, nikaita, "Baba!" Marehemu akaomba kubadilisha mchezaji. Nilipopita mbele yake aliniambia kwa sauti ileile ya asali, "Hapa hakuna baba wa mtu." Hakunirudisha tena. Nahodha wa wakati ule, ambaye leo ni mama wa watu na amekaa pale na kitambaa cha timu begani, alinishika mkono akasema, "Usijali, anatupenda sote." Nilimshukuru. Sijamsamehe.

Marehemu aliugua kisukari kwa muda mrefu, na tarehe 2 Novemba 2022 akapata kiharusi. Tulimlaza chumba cha mbele. Mama vidole vyake haviwezi tena kukamua kitambaa, na kaka yangu alikuwa akituma pole kwa simu, kwa hiyo kumwosha na kumlisha likawa jukumu langu. Wachezaji mlikuja mara moja, mkapiga naye picha, mkaondoka. Siku moja nikimnywesha supu alinishika mkono.

"Binti yangu, umekula?"

Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, na moyo uliniruka kama wa mtoto. Kabla sijajibu akaendelea, "Na goti lako la kushoto, limepona?"

Goti langu halijawahi kuuma. Lililouma ni la nahodha.

"Limepona, kocha," nilimjibu.

Alitabasamu, akamaliza bakuli. Tangu hapo alikula vizuri, nami nikawa nahodha asubuhi, mchana na jioni.

Marehemu alifariki dunia alfajiri ya tarehe 9 Machi 2023. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu. Alidhani ni mkono wa nani, sijui.

Ameacha mjane, dada mmoja, mtoto wa kiume na wajukuu wanne. Ukurasa wa mwisho wa ratiba mliyoshika umeongeza "na mabinti zake wote wa timu". Kamati iliupitisha bila kuniuliza. Mwenye kalamu aukate mstari huo. Jana nahodha alinifuata jikoni akiwa na macho mekundu.

"Dada, ni neno tu hilo," aliniambia. "Kweli tunyimane neno?"

"Kama ni neno tu," nilimwambia, "basi liache."

Mlipata subira yake, jioni zake, na ile sauti. Sivitaki, vimeshatumika. Lakini marehemu ameacha binti mmoja, naye ndiye huyu anayesoma. Apumzike kwa amani, na mwenye kubisha amfuate akamuulize.