Wenye Akiba Walioliponza Tawi

Mgeni rasmi, mkurugenzi wetu wa benki. Meneja wa tawi. Na ninyi mliosimama kwa kuwa viti tumewaachia wageni,

Tawi hili ni la kwanza kati ya matawi kumi na moja ya benki. La kwanza ukianza kusoma kutoka chini. Meneja alibandika orodha ukutani, nasi tukaishangilia siku mbili kabla hajatueleza inavyosomwa.

KARIBU

Tunakukaribisha kwa mioyo mizito. Feni nayo imegoma, utatusamehe.

TULIKOTOKA

Tawi lilifunguliwa miaka kumi na tisa iliyopita ndani ya chumba hiki, kilichokuwa duka la magodoro. Kabla ya hapo kila mtu alificha fedha kwake. Mwenyekiti wa umoja wetu wa wenye akiba, fundi cherehani, tunamwita Mama Foronya kwa sababu zake alizishonea ndani ya foronya, nyumba ikaungua na foronya ndani. Ndiye aliyefungua akaunti ya kwanza hapa.

MAFANIKIO

Mwaka jana tulisikia tawi litafungwa kwa kukosa faida. Mama Foronya akapita nyumba kwa nyumba.

"Benki ina njaa, jamani. Tuilishe."

Tukailisha. Kuna aliyeuza mbuzi, kuna aliyeezua bati la jiko lake. Yeye aliuza cherehani zote mbili, akaweka fedha kwenye akiba ya muda maalumu, ile yenye riba nono isiyoguswa hadi mwaka uishe. Kwa miezi mitatu akiba ya tawi ikawa maradufu.

CHANGAMOTO

Changamoto ni hayo mafanikio. Afisa mikopo, kijana mpole, alimkalisha Mama Foronya kwenye kiti hicho hicho ulichokalia.

"Bibi, faida yetu inapimwa kwa mapato halisi ya riba. Unachukua riba tunayolipwa na wakopaji, unatoa riba tunayowalipa ninyi wenye akiba. Kinachobaki ndicho chetu."

"Na hapa kimebaki nini?"

"Wakopaji hapa ni wanne, bibi."

"Na sisi?"

"Mia tatu na sitini."

"Kwa hiyo cherehani zangu..."

"Zimetuongezea cha kulipa."

Hakulia. Aliuliza tu kama anaweza kuzitoa hizo fedha. Akaambiwa akizitoa kabla ya muda, atakatwa. Siku hizi anashona vifungo kwa mkono, na wateja wake wamehamia kwa fundi mwingine. Sisi tuliomfuata hatumlaumu. Tukikutana naye tunazungumzia mvua.

Tawi likifungwa, la karibu ni mwendo wa saa nne kwa basi. Nauli ya kwenda na kurudi inameza riba ya mwaka. Wengi wetu tumeanza kutazama foronya zetu upya.

MAOMBI

Sisi tulioishia shule ya msingi tuna swali moja: fedha zetu zinalala wapi? Tunasikia hazilali. Mnazikopesha kupitia tawi la mjini, na riba ya wakopaji wale inaandikwa kwao. Gharama yetu, mapato yao. Ni sawa na kubeba mimba miezi tisa, mtoto akaandikwa wa mkunga. Tunaomba mtuandikie japo kidole kimoja cha mtoto huyo.

Hilo likishindikana, na tunaona litashindikana, basi Mama Foronya arudishiwe zake bila kukatwa, anunue hata cherehani moja iliyotumika.

Katika barua yako ya tarehe ishirini, ya kukubali mwaliko wetu, uliandika: "Hakuna uamuzi wowote uliofanywa kuhusu tawi. Nakuja kusikiliza kwanza." Tuliisoma kwa sauti na watu walipiga makofi.

Mungu akurudishe salama kwa watoto wako, akupe umri na usingizi mzuri. Kabla hujainuka, mwenye nyumba hii, ambaye naye ni mwenye akiba na amekaa nyuma ya mlinzi wako, anaomba kuuliza: ile barua yako ya tarehe tatu, iliyotangulia hii yetu, ya kumwarifu kuwa benki inamrudishia chumba hiki mwisho wa mwezi huu, aijibu kwa anwani gani?

Ni sisi,
Umoja wa Wenye Akiba wa Tawi, watu mia tatu na sitini.