Mbegu Yetu Mezani kwa Bettiol

EVARISTO: Haloo? Nani mwenzangu?

NORINA: Dada yako. Namba yangu umeshaifuta?

EVARISTO: Nina maji mikononi, dada, sikutazama. Shikamoo.

NORINA: Marahaba. Uko wapi?

EVARISTO: Bandani, kwenye mabirika ya kuloweshea mboga. Namenya majani ya nje ya radikio za gulio la kesho. Huku mtandao –

NORINA: Uko peke yako?

EVARISTO: Peke yangu.

NORINA: Wifi yangu hayupo?

EVARISTO: Hayupo. Kwani kuna nini?

NORINA: Afadhali, tuongee sisi wawili. Leo gulioni nimepita mezani kwa jirani yako Bettiol.

EVARISTO: Wewe? Tangu ule ugomvi wetu naye wa mtaro wa mpakani si ulikuwa hata kivuli chake hukanyagi?

NORINA: Sikumsalimia. Nimetazama radikio zake tu. Evaristo, ni za kwetu.

EVARISTO: Radikio zote nyekundu, dada.

NORINA: Usinifanye mtoto. Ule mshipa mweupe mwembamba, na ncha zimejikunja kama vidole vya mtu anayechota chumvi. Nimezimenya tangu meno ya utoto hayajanitoka. Mbegu ile haijawahi kutoka nyumbani kwa mama. Mimi mwenyewe nilipoolewa sikupewa hata punje. Sasa iko kwa Bettiol. Nani kampeleka?

EVARISTO: Labda nyuki –

NORINA: Nyuki hawabebi mbegu. Nakuuliza tena, nani kampeleka?

EVARISTO: Sijui.

NORINA: Hujui, au hutaki kujua? Basi nikwambie mimi. Gina wa kinuni alimwona mkeo akitoka mlangoni kwa Bettiol, mwaka juzi, mwezi wa saba, na kitu amekifunga kwenye aproni. Nilimwambia Gina aache umbea. Lakini lisemwalo lipo.

EVARISTO: Gina ana macho ya kuonea ya wenzake tu.

NORINA: Kwa hiyo hakwenda?

(mkwaruzo)

NORINA: Haloo? Umekata?

EVARISTO: Nipo.

NORINA: Alikwenda au hakwenda?

EVARISTO: Alikwenda.

NORINA: Umeona? Nilijua. Mtu wa Chioggia huyo, kwao radikio ni za mviringo kama kabichi, atajua wapi uchungu wa mbegu? Ndiyo maana leo alishindwa kunijibu.

EVARISTO: Nani alishindwa kukujibu?

NORINA: Mkeo. Nilimfuata mezani kwenu. Nikamwambia, wewe ndiye uliyeuza mbegu ya mama mkwe wako.

EVARISTO: Ulimwambia pembeni?

NORINA: Mezani, nimekwambia. Watu walikuwepo. Padri alikuwepo, Gina alikuwepo, Bettiol mwenyewe alikuwa meza ya pili.

EVARISTO: Yeye akasema nini?

NORINA: Hakusema kitu. Alinitazama, akaendelea kupanga vikapu. Mtu asiye na kosa ananyamaza hivyo?

EVARISTO: Mchana alirudi, akaacha vikapu uani, akachukua mfuko wa nguo. Akaniambia anakwenda Chioggia kwa mama yake. Nikadhani mama yake anaumwa.

NORINA: Amekimbia aibu yake.

EVARISTO: Aibu yangu, dada.

NORINA: Yako kivipi?

EVARISTO: Hakupeleka mbegu kwa Bettiol. Alikwenda kuiomba.

NORINA: Sikusikii vizuri. Kuomba nini?

EVARISTO: Mbegu. Yetu ilikufa. Niliiua mimi.

NORINA: Sema polepole.

EVARISTO: Unakumbuka mama alivyokuwa akizunguka shamba na mundu, kiangazi, yale mashina ya mbegu yakikaribia kutoa maua?

NORINA: Akifyeka chikori ya porini isichanganyike na radikio, ndiyo. Hakuacha hata ua moja la buluu karibu na mtaro.

EVARISTO: Mimi niliacha. Nilisema nitafyeka kesho, na kesho yake nikasema hivyohivyo. Nyuki wakachanganya chavua. Mbegu nikaipanda yote, sikubakiza. Ikaota kijani, majani yana vinyweleo, hata ukiiweka majini haifungi moyo. Shamba zima nililigeuza kwa jembe kabla hujaja kututembelea.

NORINA: Na ulinitazama usoni.

EVARISTO: Niliona haya. Kwa Bettiol nisingeweza kwenda, nilishamtukana mara ngapi? Wifi yako Loredana akasema yeye si wa ukoo, mlango wa Bettiol hautamuumiza. Akaenda. Kilichokuwa kwenye aproni kilikuwa kinaingia kwetu, hakikuwa kinatoka. Nikamwapisha asimwambie mtu, na wewe hasa.

NORINA: Lakini Bettiol – Bettiol aliipata wapi?

EVARISTO: Kwa mama.

NORINA: Mwongo.

EVARISTO: Alimpelekea mwenyewe, hata ugomvi ulipokuwa wa moto. Alimwambia, nitunzie hii, mwanangu si mtu wa kufyeka.

NORINA: Mimi binti yake alininyima.

EVARISTO: Ulikuwa unakwenda kuishi ghorofani, dada. Ungeipanda wapi?

NORINA: Nyamaza kidogo. Mbele ya padri, Evaristo. Nilimwita mwizi, na yeye alikuwa anakufichia siri wewe.

EVARISTO: Nimempigia sasa hivi kwenye simu nyingine. Hapokei.

NORINA: Kesho nitasema pale gulioni nilikosea. Nitasema nilimfananisha na mtu. Habari ya nyuki hakuna haja ya kuitaja.

EVARISTO: Ukisema hivyo watacheka, na wataendelea kumwita mwizi.

NORINA: Nikisema yote, wewe utaitwa nani? Mkulima aliyepoteza mbegu ya mama yake? Watakusema mpaka unazeeka.

EVARISTO: Waniseme.

NORINA: Una hakika?

EVARISTO: Sina. Lakini usiseme wewe. Nitasema mimi, naye akiwa amesimama pale. Natafuta ufunguo wa gari, namfuata Chioggia.

NORINA: Usiku unaingia, kuna ukungu. Na mabirika? Maji yakiacha kutiririka radikio zote zitaoza –

EVARISTO: Ziache zioze.

NORINA: Nakuja mimi kuziangalia. Mikono yangu bado inajua. Evaristo, chaji yangu inakwisha, sikiliza. Asipotaka kurudi usimlazimishe. Mpe simu tu, niongee naye.

EVARISTO: Utamwambia nini?

NORINA: Nitamwita wifi, nione kama ataitika. Haya, nenda –

EVARISTO: Dada? Haloo?