Kata ya Mama wa Kizanzibari

Teksi, basi dogo la abiria, ilikuwa inakwenda mtaa wa Bluff, Durban, Afrika Kusini, siku ya kujiandikisha kupiga kura, mwaka 2011. Mama mmoja wa Kizanzibari, wa jamii iliyokaa Durban tangu zamani, alisema anakwenda kuandikishwa kwenye kata yake. "Mama, unakaa Bluff?" akauliza kijana wa Kikongo kando yake. "Nakaa Chatsworth, mwanangu. Makaburu walituhamisha nikiwa na miaka kumi, lakini wazazi wangu wamezikwa Bluff."

Kijana akacheka. "Eish, mama! Kule wanaandika mahali unalala wewe, si mahali wanalala wafu. Kata yako iko Chatsworth."

Mimi nilikuwa na maua ya kaburini mapajani, nikiyapeleka huko huko Bluff.

"Chatsworth nilipelekwa," alisema mama. "Na wakikukatalia?" akauliza kijana. "Watakuwa wamenihamisha mara ya pili."

Teksi iliposimama alishuka, kitambulisho mkononi.