Mikono ya Askofu Tarozzi

Marehemu Ersilia Gandolfi alizaliwa tarehe 3 Machi 1915 hapa hapa Roccaverde, binti wa fundi viatu. Alisoma kwa masista, kisha akasomea uchoraji Bologna hadi mwaka 1936. Tuseme ukweli, kwa woga hakuwa na mpinzani: radi ikipiga tu, yumo uvunguni.

Mwaka 1938 alipewa kazi ya kuchora picha ya Askofu Anselmo Tarozzi. Askofu alikuwa mtu mwema lakini mwoga, mikono ikimtetemeka hata akishika kikombe. Ersilia akachora uso wa Askofu, mikono akaazima ya Quinto, kijana wa buchani, akamvisha joho na pete.

"Dada, pete hii ikigoma kutoka je?" Quinto akauliza.

"Tulia, Baba Askofu!" Ersilia akamtania.

Ersilia na Quinto walifunga ndoa Mei 1941. Nakala za picha zilitundikwa kila jikoni, na watu wakasema, mwenye mikono ile haogopi mtu.

Tarehe 9 Agosti 1944 askari wa Kijerumani waliwakamata wanaume sita sokoni ili wawapige risasi, Quinto akiwemo. Mji mzima ukakimbilia kwa Askofu. Ersilia peke yake alijua wanamkimbilia nani, akawatangulia mbio: Askofu asipotoka, Quinto ndio basi tena.

Alimkuta Askofu nyuma ya mlango, jasho linamtiririka.

"Ersilia, mwanangu, umeniponza. Wanamtaka yule wa pichani."

"Ficha mikono ndani ya joho, Baba. Toka tu, nakuomba!"

Akatoka. Askari akafoka, "Mikono nje!" Akaitoa, ikitetemeka mbele ya kila mtu.

"Mungu wangu," mama mmoja akanong'ona, "kumbe anaogopa."

Askofu akazidi kusogea hadi bunduki ikamgusa kifua. "Waacheni hawa. Nichukueni mimi." Wanaume wakaachiwa. Askofu hakurudi.

Baada ya vita kanisa liliagiza nakala zaidi. Ersilia alikataa, na hakuchora tena uso wa mtu yeyote. Alifundisha watoto kuchora hadi mwaka 1975, na mlango ukibishwa bado alishtuka.

Moyo ulimsumbua kwa muda mrefu, akafariki tarehe 11 Novemba 1998. Kifo hakukiogopa, aliogopa kukutana na Askofu.

"Nitamtazamaje, Nives?" alimuuliza binti yake.

"Mwambie kwamba baba yetu alirudi nyumbani, mama."

Quinto alitangulia mwaka 1987. Marehemu ameacha watoto watatu, Nives, Oreste na Delfina, na wajukuu watano, wote wamezaliwa baada ya siku ile ya sokoni. Mungu ampe pumziko lisilo na hofu.