Rimu Isinyamaze

Sogezeni viti, wanangu, na wewe Kasiani usisimame mlangoni kama mgambo, ingia, maana haya ni ya Tabita na Ombeni niliowazaa, lakini ni yenu pia mliomenya kahawa na mimi hapa Hasamba mpaka vidole vikanata. Nisikilizeni mara moja tu. Pumzi ya kurudia sina.

Tangu nilale kitanda hiki sijabishiwa. Nasema uji una chumvi, mnaitikia kweli baba, una chumvi; nasema hauna, mnaitikia kweli, hauna. Juzi nimemwambia mchungaji nikipona naoa tena, akasema amina! Nilitaka kucheka nikashindwa, kwa sababu nilijiona niko peke yangu katika chumba kilichojaa watu. Mtu asiyebishiwa mmeshamzika, wanangu, mnachelewesha jeneza tu.

Mibuni ya upande wa mto ni ya Tabita, ya upande wa barabara ni ya Ombeni. Koti langu la harusi apewe Kasiani, likimbana apunguze kula. Mashine ya kumenyea kahawa ni yenu wawili, haigawanyiki, na hapo ndipo roho yangu ilipokwama.

Hamjawahi kuniuliza kwa nini nilitundika rimu ya lori pale kwenye mashine. Miaka ile ya ruksa, kila mtu anatafuta chake, nilikwenda Saza kuchimba dhahabu na Andongwisye wa Ibaba, mtu pekee aliyeweza kuniambia usoni, “Timotheo, kichekesho hicho ulikitoa juzi, na juzi pia hakikuchekesha.” Siku moja akiwa shimoni aliona udongo unachuruzika kando ya gogo lililozuia ukuta wa shimo, akapiga kelele, tukatoka wote mbio, na hakikuanguka kitu. Msimamizi akamwambia mbele ya watu, “Wewe bibi, kapike ugali.” Basi jioni nzima Bibi huku, Bibi kule. Kesho yake, tulipofika mdomoni mwa shimo, Andongwisye alilitazama lile gogo, akanitazama mimi, akafungua mdomo, akaufumba. Akashika kamba, akashuka. Zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Sikushuka, maana shimo halikuwepo tena.

Ule mdomo uliofumbwa nimelala nao miaka yote hii.

Ndiyo maana kwangu yeyote aliyehisi hatari aliruhusiwa kupiga rimu na mashine ikazimwa, na hatukuuliza “Nani kapiga?” Tuliuliza “Umeona nini?” Enesi, unakumbuka ulivyoipiga mbele ya wanunuzi wa Mbeya kwa sababu umesikia harufu ya kuungua, kumbe ni chapati za mama lishe? Nilikupigia makofi, tukazila zilivyokuwa nyeusi, na wanunuzi nao wakala. Msimu uliofuata ukapiga tena, na safari hiyo kilichonaswa kwenye mkanda kilikuwa shati la Kasiani. Kasiani, inua mkono wako. Haya, ushushe. Mkono huo uliokolewa na chapati.

Na waliogombana niliwaweka kwenye kichanja kimoja cha kuanikia kahawa, huyu upande huu, yule upande ule, wanageuza kahawa na kila mmoja anasema kilichomuuma mpaka mwisho bila kukatwa, mimi nikisema wa mwisho. Wengine walitukanana vizuri kabisa, lakini walirudi kazini wakijuana.

Sasa wiki nzima nasikia mashine inanguruma asubuhi hadi jioni, na rimu haijalia. Namuuliza Ombeni kazi ikoje, ananijibu, “Shwari, baba.” Shwari? Mashine ile, inayokohoa kuliko mimi? Na Tabita akiingia kwa mlango huu, Ombeni anatoka kwa mlango wa jikoni. Niambieni, rimu iko wapi?

Nipeni maji.

Enesi, umesema nini? Paza sauti, mama. Ombeni kaitoa, iko stoo, eti wageni wanaiona ya kishamba. Ahsante. Ombeni, usimkazie macho. Nikuulize kama tulivyozoea: umeona nini, mpaka ukaitoa? Tabita, usimkate kaka yako.

Eeh... Unasema kwamba wengine wanaipiga wapate kupumzika. Kwamba niliwadekeza. Kwamba wewe ukikosea hupigiwi makofi, wanakuchungulia tu waone utaangukaje. Ombeni! Unambishia mgonjwa mbele za watu! Mungu, ahsante. Tangu Andongwisye sijajibiwa hivi.

Huenda una haki, sijui. Nawe kumbe ulikuwa peke yako, mwanangu, na mimi nalala chumba cha pili. Hayo kayageuze na dada yako kesho, kichanja kimoja, mpaka jua liwachoke. Lakini rimu irudi. Ikibaki stoo, uzeni mashine wakati mikono yote bado mizima.

Nawaachia baraka hii, ni fupi kama pumzi yangu: Mungu awape watu wa kuwabishia, awape na masikio ya kuwavumilia, msije mkazeeka mkiitikiwa amina. Kaburi langu liwe kule mwinukoni, juu ya mashine, niisikie rimu.

Ombeni, nenda kaitundike. Kaipige wewe mwenyewe. Tabita, fungua dirisha... kubwa... Shika mkono wangu, mbona umekuwa mbali... Nyamazeni.

Hiyo. Hiyo hapo, inalia.

Umeona nini, mwanangu?