Siku ya Mwisho ya Kuchagua Chuo

Kwenye basi la kwenda mji wa Coimbatore, Thenmozhi alimpakata mwanawe, masikio yote kiti cha mbele. Mzee mmoja na bintiye Yazhini walikuwa wakibishania aina ya uhandisi ambayo binti angesomea.

"Kompyuta, mwanangu! Nani ataoa mjenga madaraja?"

"Anayetaka kuvuka, baba."

Simu ya mzee ikalia, ujumbe umeingia.

"Namba ya kuthibitisha uchaguzi hiyo," Yazhini akasema. "Nisomee."

"Umekubali kompyuta, eeh?"

"Wewe soma tu, baba."

Mzee akaisoma kama mshindi wa kura, Yazhini akaiandika kwenye simu yake. Thenmozhi akachungulia simu ya binti: Ujenzi, imethibitishwa. Akauficha uso kwenye nywele za mwanawe asicheke.

"Kompyuta ya chuo gani?" mzee akauliza.

Basi likafunga breki.

"Tushuke kwanza, baba. Nitakwambia ukishashiba."