Njia ya Nguruwe

Katika basi la Korogwe, Mbaruku, kamanda wa mgambo wa kijiji kimoja cha ujamaa huko Sindeni, alikuwa akimfundisha vita Bibi Mwaija aliyeketi kando yake. Kesho angewazingira nguruwe wanaomaliza mahindi ya kijiji. "Majemadari wa kale walisema, adui mwachie njia ya kutorokea. Akibanwa pande zote, atakurarua."

"Maneno hayo, mjukuu wangu. Njia yenyewe umeiacha wapi?"

"Ng'ambo ya kijito."

"Kwenye mihogo yangu!"

Mbaruku alikohoa kijemadari. Vitabuni hamkuwa na bibi mwenye mihogo. "Shikamoo, bibi," akasema, ingawa walikwisha kusalimiana Handeni.

"Marahaba. Kesho nasi tutapiga madebe upande wetu." Basi likasimama, bibi akashuka. "Tuone nguruwe watamtii jemadari yupi!"